Rafiki Aliyehesabu Kila Noti: Kodály Anamkumbuka Bartók



Habari za Béla Bartók zimeandikwa mara nyingi. Alizaliwa Hungaria mwaka 1881, akafa New York mwaka 1945, na leo anahesabiwa kati ya watunzi wakubwa wa muziki wa karne ya 20. Waandishi wengine wanaeleza muziki wake. Wengine wanapenda kusimulia tabia zake za pekee, kama watu wanavyosimulia vituko vya mzee fulani wa kijiji. Lakini maneno yanayotufaa zaidi sisi mapadri, waseminari na makatekista ni yale ya Zoltán Kodály, mtunzi mwenzake, aliyekuwa rafiki yake kwa miaka 40. Mwaka 1946, muda mfupi baada ya kifo cha Bartók, Kodály alitoa hotuba juu ya tabia na utu wake. Mwaka 1950 akaandika tena, safari hii juu ya Bartók mkusanyaji wa nyimbo za watu.

Nataka kuyapima maneno hayo. Naona yana ukweli mkubwa, na yana kasoro moja isiyo ndogo. Ukweli ni huu: mambo ambayo watu waliyaita ajabu za Bartók, machoni pa rafiki yake ni uaminifu kwa kitu kidogo ambacho wengine walikidharau. Kasoro ni kwamba Kodály anaelekea kuuhesabu uaminifu huo kuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Mtu asidhani kwamba hayo ni mabishano ya darasa la filosofia tu. Yanatuhusu sisi, ambao wazee wetu wanazikwa kila mwaka na nyimbo zao zingali vifuani mwao.

Mdogo anamfundisha mkubwa

Kodály alizaliwa mwaka 1882, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyesimamia stesheni. Alikulia Galánta, kisha Nagyszombat, mji ambao leo unaitwa Trnava na uko katika nchi ya Slovakia. Huko aliimba katika korali ya kanisa kuu. Bartók alifiwa na baba yake akiwa na miaka saba. Mama yake, mwalimu wa shule, alimlea kwa mshahara wake na kumfundisha piano. Wote wawili walisoma muziki Budapest, lakini hawakujuana vema mpaka mwaka 1905, walipokutana nyumbani kwa Emma Gruber, mama mwenye elimu ya muziki, ambaye mwaka 1910 alifunga ndoa na Kodály.

Wakati huo Bartók alikuwa tayari mpiga piano mwenye jina. Mwaka 1904 alimsikia mtumishi mmoja wa kike, Lidi Dósa, mzaliwa wa Transylvania, akiimba wimbo wa kwao. Alishangaa. Watu wa mjini waliamini kwamba muziki wa Hungaria ni ule unaopigwa hotelini na vikundi vya Wagipsi. Sasa alisikia sauti ya namna nyingine kabisa. Alitaka kuzitafuta nyimbo za namna hiyo, lakini hakujua aanzie wapi. Kodály alijua. Mwaka 1905 alikuwa amekwisha kutembea katika vijiji vya upande wa Galánta akiandika nyimbo, na mwaka 1906 alimaliza kitabu chake cha masomo ya juu, kinachoeleza namna beti za nyimbo za watu wa Hungaria zilivyojengwa.

Basi mkubwa alikwenda kuuliza kwa mdogo. Mara nyingi mtu aliyekwisha kupigiwa makofi haoni rahisi kukaa na kufundishwa. Bartók alikaa. Mwishoni mwa mwaka 1906 walichapa pamoja kitabu cha nyimbo 20, kila mmoja akiwa ametengeneza sehemu yake kwa piano. Mwaka 1907 Bartók alikwenda upande wa Csík, katika Transylvania ambayo leo ni nchi ya Rumania, akakuta wazee wakiimba kwa ngazi ya sauti tano tu. Ndipo alipotambua kwamba chini ya nyimbo mpya kulikuwa na nyimbo za zamani sana, kama mtu anayechimba shamba na kukuta msingi wa nyumba ya mababu.

Ajabu za mtu huyu

Tuseme wazi: Bartók alikuwa mtu wa namna yake. Alisema kidogo. Kelele za jirani zilimwudhi hata akashindwa kufanya kazi. Alikusanya wadudu na kuwapanga kwa majina yao, na mimea aliyoikausha pia. Kwa nyumba yake alimwagiza fundi wa kijiji amchongee viti na kabati, wakati waalimu wenziwe walinunua vya mtindo wa mjini. Alijifunza Kislovaki na Kirumania ili asikie maneno ya nyimbo kutoka vinywani mwa wenyewe. Mwaka 1913 alifika Biskra katika Algeria kuandika nyimbo za Waarabu, na mwaka 1936, akiwa na miaka 55, alikwenda kwa wafugaji wa Uturuki. Katika karatasi za muziki wake aliandika hata dakika na sekunde ambazo kila sehemu iutumie.

Kuna barua yake ya mwaka 1907 inayochekesha. Anasimulia, kama mchezo wa kuigiza, alivyombembeleza mama mmoja wa kijijini amwimbie wimbo wa zamani. Mama anakataa, anasema amesahau, anasema nyimbo hizo si kitu. Kisha anamtolea wimbo wa kanisa, akidhani kwamba bwana wa mjini atafurahi. Hataki! Anamtolea wimbo unaopendwa na vijana. Hataki hata huo! Kila katekista aliyekwisha kumwomba bibi mzee wimbo wa zamani anamjua mama huyu. Anaona haya kumpa mtu msomi kitu ambacho wasomi wamemfundisha kukidharau.

Na chombo chake kilikuwa mashini ya Edison ya kushika sauti, yenye pembe ya kuimbia na vibomba vya nta. Kibomba kimoja kilibeba dakika chache tu, na kila mara sindano ilipopita juu yake ili sauti isikike tena, nta ililika kidogo. Kwa hiyo Bartók aliandika kwa sikio palepale kijijini, ndipo nyumbani akasikiliza tena na kusahihisha. Aliandika kila pumzi, kila kupanda na kushuka kwa sauti, hata karatasi zake zikajaa alama ndogo kama mchanga. Kisha, baada ya miaka mingi, alirudia kazi ileile tangu mwanzo, kwa kuwa sikio lake lilikuwa limezoea zaidi na aliona kwamba mara ya kwanza hakuandika vema.

Anachokiona rafiki

Hapa ndipo Kodály anapowashinda wengine. Mtu wa nje anaona mwendawazimu wa nusu, anayehangaikia kiroboto cha sauti. Rafiki anaona heshima. Kodály anatuonyesha kwamba Bartók hakupenda usahihi kwa sababu ya usahihi. Aliamini kwamba wimbo wa mkulima asiyejua kusoma una sheria yake, kama jani lilivyo na sheria yake, na kwamba asiyeuandika kama ulivyo anamsingizia aliyeuimba. Vijana hao wawili walikuwa na tumaini moja: kwamba watu wenye elimu wa nchi yao wazaliwe upya kutoka kwa watu wa kijijini. Kila mmoja aliishika ahadi hiyo mpaka kufa.

Kodály anasifiwa pia kwa sababu hamfanyi rafiki yake kuwa malaika, wala hajifanyi kuwa sawa naye katika yote. Katika kuzipanga nyimbo, kazi zao zinaonyesha njia mbili. Kodály aliupanga mkusanyo wake hasa kwa kufuata sauti ambayo kila mstari unaishia. Bartók aliubadili mpango wake mara kadhaa, akaipa mwendo wa mapigo nafasi kubwa zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1924 Bartók anazichunguza nyimbo kama mwenye elimu ya mimea anavyochunguza majani: hizi za zamani, hizi mpya, hizi zilizochanganyika. Katika kitabu cha Kodály cha mwaka 1937 tunakuta zaidi historia: vitabu vya kale, nyimbo za kanisa, habari za jirani. Mpaka leo wataalamu wa Budapest wanatofautisha mpango wa Bartók na mpango wa Kodály. Urafiki wao haukudai kwamba wawe na wazo moja.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1919 kushindwa, wakubwa wapya walimshtaki Kodály na kumwondoa kwa muda katika kazi ya ualimu. Bartók alimtetea waziwazi. Mwaka 1920 ikawa zamu ya Bartók. Alikuwa ameandika juu ya muziki wa Warumania wa upande wa Hunyad, na wakati huo Hungaria ilikuwa inapokonywa nchi ile. Wenye hasira walimwita msaliti: kwa nini Mhungaria asifu nyimbo za adui? Jibu lake ni mkusanyo wake wenyewe, ambao una nyimbo za Warumania zaidi ya 3,000, pamoja na maelfu ya nyimbo za Waslovaki. Mwaka 1942, akiwa Marekani wakati wa vita, aliandika kwamba muziki wa taifa hautajiriki kwa kujifungia, bali nyimbo zinapokwenda kwa jirani na kurudi zimebadilika.

Ninapomkosoa Kodály

Sasa nifike kwenye kasoro. Katika hotuba ya mwaka 1946 Kodály anatumia fundisho la mganga Mjerumani Ernst Kretschmer, aliyewagawanya watu kufuatana na umbo la mwili na mwelekeo wa tabia. Mtu mwembamba, mkimya, anayejificha na kusumbuliwa na mambo ya nje, ana fungu lake katika fundisho hilo. Na Bartók anawekwa humo. Naelewa kwa nini Kodály alifanya hivyo. Alitaka kuwanyamazisha waliosema kwamba rafiki yake alikuwa na kiburi: alikuwa mkimya kwa jinsi alivyoumbwa.

Lakini dawa hii inaua zaidi ya ugonjwa. Kama usahihi wa Bartók unatoka katika wembamba wa mifupa yake, basi hatupaswi kumsifu, wala hatuwezi kumfuata. Mtakatifu Toma wa Akwino anatufundisha vingine: fadhila ni desturi njema inayojengwa kwa matendo yanayorudiwa. Mtu anazaliwa na mwelekeo, fadhila anaijenga. Na habari ambazo Kodály mwenyewe anazijua zinampinga. Huyu mkimya aliyechukia kelele ndiye aliyelala katika nyumba za wakulima, akala chakula chao, akasubiri saa nzima mpaka mama mmoja aache kuona haya. Naye mwenyewe ameandika kwamba siku alizoishi hivyo vijijini zilikuwa za furaha kuliko zote maishani mwake. Tabia yake ya kuzaliwa ingemweka chumbani. Upendo ndio uliomtoa.

Tena kuna mwezi wa Oktoba 1940. Bartók alikuwa tayari kuondoka kwenda Marekani; hakuna aliyemfukuza. Katika wasia wake aliagiza kwamba katika Hungaria pasipewe jina lake barabara, uwanja wala jengo, mpaka Budapest isiwe na uwanja au barabara yenye jina la Hitler au la Mussolini. Yule aliyekataa kuandika noti moja ya uongo alikataa pia heshima ya uongo. Hilo si umbo la mwili. Ni dhamiri.

Neno jingine la kukosoa. Katika kumbukumbu za Kodály tunawaona marafiki wawili kwa mwanga mwingi, na waimbaji wanasimama nyuma, gizani. Lakini Bartók, alipofundisha namna ya kukusanya, alidai kuandika habari za kila mwimbaji: ni nani, ana umri gani, anaishi wapi, wimbo aliupata kwa nani, unaimbwa wakati gani. Mtu akizisoma kumbukumbu hizi peke yake, anaweza kusahau kwamba nyimbo zilikuwa na wenyewe.

Juu ya imani

Msomaji atauliza: je, Bartók alikuwa mwana wa Eklezya? Alibatizwa katoliki, akapoteza imani katika ujana, na mwaka 1916 akajiunga na Waunitari, ambao hawaungami Utatu Mtakatifu. Hatuna haki ya kulificha jambo hilo, wala ya kumhukumu. Kodály, aliyetoka katika korali ya kanisa kuu, alituachia Te Deum ya mwaka 1936, na Missa Brevis iliyoimbwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 1945 katika chumba cha kuwekea makoti cha Opera ya Budapest, mizinga ikiwa ingali inalia. Miezi ileile, ng'ambo ya bahari, Bartók alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa damu, akiandika Konserto yake ya tatu ya piano. Sehemu ya pili aliipa maneno Adagio religioso, yaani polepole, kwa moyo wa ibada. Noti za mwisho za konserto hiyo zilimaliziwa na rafiki, Tibor Serly, kwa sababu mkono wa mwenyewe ulikuwa umenyamaza.

Nasema hivi tu: aliye nje ya nyumba alituonyesha namna ya kuwaheshimu wadogo, na sisi tulio ndani tuone haya ikiwa hatuifuati.

Na kwetu je?

Nchi yetu nayo imewaona wakusanyaji. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akashika sauti ya gitaa lake. Mkusanyo mkubwa wa Tracey, wenye sauti za watu wetu wengi, umehifadhiwa Afrika ya Kusini. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alileta Missa Luba pamoja na kwaya yake. Jina la Padri linajulikana duniani. Majina ya wengi waliotoa sauti zao humo yanajulikana na wachache. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya liturjia, uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire. Ruhusa tunayo. Tunachokosa mara nyingi ni subira.

Tazameni tunavyofanya. Mtu anachukua sauti aliyoisikia mahali, anaitia maneno ya Zaburi, na Jumapili korali inaimba. Kiswahili hakina toni, basi hatusikii kosa. Lakini Kiluba na Kibemba zina toni. Sauti ikipanda pale ambapo neno linashuka, maana inaharibika, na mzee aliye katika benchi la nyuma anainamisha kichwa asicheke. Tunaita hayo muziki wa asili. Bartók angeyaita kazi ya haraka.

Tena tunakusanya kwa ajili ya kabila letu tu. Mseminari wa upande huu haulizi nyimbo za upande wa pili, na anayezisifu anatazamwa kwa jicho baya. Katika nchi ambayo imezika watu wengi kwa sababu ya ukabila, habari ya mwaka 1920 haiko mbali nasi. Padri atakayeandika kwa uaminifu nyimbo za jirani aliyechukiwa atakuwa amehubiri bila kupanda mimbarini.

Nawapa waseminari na makatekista shauri dogo. Leo karibu kila kijana ana simu inayoshika sauti vema kuliko mashini ya Bartók, lakini sauti inayokaa ndani ya simu inapotea pamoja na simu. Nunueni daftari. Mwendeeni bibi mmoja au mzee mmoja, mwombeni ruhusa, ketini. Andikeni jina lake, umri, kijiji, lugha, aliyemfundisha, na saa ya kuimbwa: kilio, mavuno, kuzaliwa kwa mtoto. Andikeni maneno kama alivyoyatamka. Mmoja wenu anayejua noti aandike sauti. Mwingine amsahihishe bila kumwonea haya, kama wale wawili walivyosahihishana. Baada ya mwezi rudini kwa mwenyewe, mwimbieni, mwulizeni kama ndivyo. Akisema sivyo, futeni na kuandika tena.

Bwana wetu Yezu Kristu, baada ya kuwashibisha watu, aliwaagiza mitume wakusanye vipande vilivyobaki. Injili inatupa na hesabu: vikapu 12. Mtu fulani, basi, alihangaika kuvihesabu.